Mtu Asipeleke Jembe

Kikatiti, Arumeru
3 Machi 2024

Kwako mdogo wangu Aminiel,

Usishtuke kuona karatasi. Najua huko Dar mtu akiletewa bahasha anadhani ameitwa mahakamani. Simu yangu nimeizima nikaifukia kwenye debe la mahindi, na sababu utaisoma hapa chini. Barua nampa wakala wa basi, mwanangu Maria atakupigia akuambie ni basi gani, ukaichukue Mbezi. Na wewe ukijibu fanya hivyo hivyo.

Sisi wazima, ila shemeji yako. Emmanuel wamemrudisha kutoka hospitali. Daktari alisema saratani ya koo imeshafika mbali, ni bora akapumzike nyumbani. Wote mle chumbani tulielewa kupumzika maana yake nini, na Emmanuel ndiye aliyekuwa wa kwanza kumshukuru daktari. Anakunywa maziwa na uji mwepesi kwa kijiko. Siku hizi utamtambua kwa macho tu.

Sasa neno lenyewe. Mwezi uliopita alifariki Bariki, mtoto wa Gerson. Gerson unamfahamu, ni mtoto wa baba mdogo wa Emmanuel, na mpaka wetu na wao ni mstari wa migomba. Mtoto alishikwa na homa, shingo ikakaza. Nikafanya kama tufanyavyo siku zote nyumba ya jirani ikiwa na mgonjwa: nilipika loshoro, nikachanganya mahindi na maziwa ya mgando yaliyokomaa vizuri kwenye kibuyu, nikampelekea mama yake. Mtoto akalishwa vijiko vichache, na iliyobaki nyumbani tukaila sisi. Kesho yake alifia njiani akipelekwa hospitali. Huko waliwaambia wazi kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Gerson alikuwepo, aliambiwa yeye mwenyewe.

Jioni baada ya kuzika, Gerson akajirekodi kwenye simu kwa Kimeru, huku analia. Nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, kwa hiyo nakuandikia alichosema: "Maziwa ya Catherine ndiyo yaliyoniulia mtoto. Msinunue kwake. Msimsalimu. Na siku nyumba ile ikifiwa, mtu asipeleke jembe." Akaituma kwa yule kijana mwenye ukurasa wa mtandaoni unaoitwa Sauti ya Mlimani, naye akaiweka huko. Ukurasa huo unafuatwa na kila mwenye simu kuanzia Maji ya Chai mpaka King'ori. Tangu hapo kituo cha maziwa hakipokei ndoo yangu, ingawa daktari wa mifugo amewapima ng'ombe wangu, na simu ikawa inanitukana hata nikiwa nakamua. Ndiyo maana iko kwenye mahindi.

Sitaki Gerson ashitakiwe. Amezika mtoto, akili yake haijarudi. Mimi naogopa kitu kimoja tu, nacho ni hilo jembe. Wewe umezaliwa huku, sihitaji kukufundisha. Mtu akifa, vijana wa majirani wanakuja bila kuitwa, kila mmoja na jembe lake begani, na wazee wanakaa kando wakiwaelekeza. Kaburi la kuchimbwa na vibarua hapa kwetu ni la mtu asiye na watu. Emmanuel amechimba makaburi ya mlima huu tangu alipoanza kuota ndevu. Sasa analala akitazama dari, na najua anajiuliza nani atamchimbia, ingawa hasemi.

Redioni walisema wewe ni mmoja wa washauri wa kampuni yenye mtandao huo, kwamba nyinyi ndio mnaoamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Maria ameshabonyeza pale pa kulalamikia. Ami, nilikuwa nakucheka kwamba umesomea uhuru wa midomo ya watu mpaka ukaota mvi. Leo sikucheki. Iondoe sauti ile kabla Emmanuel hajaondoka.

Dada yako,
Catherine


Dar es Salaam
15 Machi 2024

Dada yangu Catherine,

Shikamoo. Barua nimeipata Mbezi, imebanwa kwenye mkungu wa ndizi wa mtu mwingine, nikaisoma ndani ya gari kabla sijaliwasha. Nimelia kwa ajili ya shemeji. Emmanuel ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani siku naondoka kwenda sekondari, akanibebea godoro kichwani kana kwamba mwenye shule ni yeye. Natuma kwa basi hili dawa za maumivu. Mfamasia ameandika juu ya boksi namna ya kumpa.

Kuhusu sauti. Ni kweli nipo kwenye baraza la washauri, na malalamiko ya Kiswahili na ya lugha za kwetu hupita kwetu. Lakini siruhusiwi kuzungumza lolote lililofika mezani, hata na mke wangu. Naomba usiniulize kama hili limefika.

Ninachoweza kukueleza ni ninachoamini, maana ndicho nilichokifundisha maisha yangu yote na kukiandika kwenye vitabu ambavyo wewe unazuilia dirisha la jikoni. Gerson ni baba aliyefiwa. Neno la mtu kama huyo ukilifuta kwa amri halifi, linahamia mahali ambapo huwezi kulijibu. Na angalia hakusema nini. Hakusema upigwe, wala nyumba ichomwe. Amewaomba watu wasinunue, wasisalimu, wasije. Inauma, lakini salamu ni hiari, dada. Hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu amwitikie mwenzake, na ikitungwa mimi nitakuwa wa kwanza kuipinga.

Kwa hiyo usinyamaze. Ukweli uko upande wako na ukweli unahitaji mdomo. Mwambie Maria akurekodi. Eleza kwa utulivu, kwa Kiswahili kizuri ambacho hata mtu wa nje atakielewa, kwamba hospitali ilisema nini, kwamba ng'ombe wako wamepimwa, kwamba loshoro ile mliila na nyinyi wenyewe. Usimtukane. Jibu hoja tu. Halafu iwekwe palepale ilipowekwa ya kwake, ili watu wasikie pande zote mbili na kuamua. Nimeona jambo hili likifanya kazi katika nchi nyingi.

Msalimie sana shemeji. Mwambie nakuja.

Mdogo wako,
Aminiel


Kikatiti
7 Aprili 2024

Profesa wangu,

Marahaba. Dawa zimefika na zinamsaidia, Mungu akubariki. Anapata usingizi mpaka mchana.

Nimefanya ulivyonielekeza. Maria alipanda kutoka mjini siku ya mapumziko, akanikalisha jikoni karibu na dirisha, nikasema. Nilisema kwa Kiswahili cha shule kama mtu anayesoma taarifa ya kikao, hospitali hivi, daktari wa mifugo vile. Sikumtukana. Maria akaituma kwa yule kijana, naye akaiweka siku hiyo hiyo, akaandika juu yake: "Catherine amjibu Gerson."

Aminiel, tanga lilikuwa halijaondolewa. Ibada ilikuwa wiki mbili mbele. Mimi na wewe tumelelewa nyumba moja, na tulifundishwa kwamba mfiwa hajibiwi. Akikutukana kwenye msiba wake unainama, unaosha vyombo, unarudi kwako. Neno lako unaliweka mpaka ibada ya kuondoa tanga ipite, ndipo unakwenda na wazee mnakaa naye. Unakumbuka mama alivyotukanwa na wifi yake mbele ya jeneza, akaendelea kumenya ndizi mpaka beseni likajaa? Nilikuwepo, nawe ulikuwepo, umeshika sketi yake. Mimi nilisahau kwa sababu profesa aliniambia niseme. Wewe sijui ulisahau kwa sababu gani.

Kabla ya hapo nilikuwa na watu. Wachache, lakini nilikuwa nao. Walikuja kwa njia ya nyuma, wakanishika mkono, wakasema Gerson atatulia. Mzee mmoja wa ukoo alishaahidi kwamba tanga likiisha ataniita nikae na Gerson. Baada ya ile sauti yangu wote wamekatika. Wanasema hata kama sikumuua mtoto, nimemkanusha baba yake hadharani kabla machozi hayajakauka, tena kwa Kiswahili, kama hakimu. Kwa hilo siwezi kuwalaumu. Ningelisikia la mtu mwingine ningesema hivyo hivyo.

Jumapili nilipeleka sadaka ya mkungu wa ndizi, mzuri sana, ule wa karibu na mfereji. Baada ya ibada tukatoka nje mnadani kama kawaida. Mayai yakanadiwa, kuku akanadiwa, watu wanataniana na kupandishiana bei. Ukainuliwa mkungu wangu. Mnadi akataja bei ya kuanzia, kimya. Akaishusha, kimya. Akaisema tena kwa sauti ndogo huku anatazama chini, na waumini karibu mia mbili wakawa wanatazama viatu vyao. Mwisho mwinjilisti Solomoni akatoa pesa mfukoni mwake akaununua, maana sadaka haiwezi kurudi nyumbani. Nilisimama pale nikiwa nimeshika kitenge changu kama mtoto aliyejikojolea. Sijawahi kuona aibu ya namna hiyo tangu nizaliwe.

Maziwa sasa ananunua Lemburis peke yake, yule Mmaasai wa huko chini anayekuja kuchukua magogo ya migomba ya kulishia ng'ombe. Yeye Kimeru hasikii, kwa hiyo ile sauti haijamfikia. Skolastika wa dukani naye ananiuzia chumvi bila kunitazama, na yeye ni mtu wa Rombo, lakini wateja wake ni hawa hawa.

Usinifafanulie tena. Najua una sababu nzuri, siku zote umekuwa nazo. Nakuomba kama dada aliyekubeba mgongoni, uifute ile sauti. Na yangu pia uifute. Emmanuel hamalizi masika haya.

Catherine


Dar es Salaam
24 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Nimesoma habari ya mnada nikashindwa kuingia darasani siku hiyo. Samahani kwa ushauri uliokuumiza. Niliutoa kwa nia njema.

Sitakiwi kukuambia hili kabla halijatangazwa, lakini nakuheshimu mno kukuacha ukisubiri. Imeamuliwa kwamba sauti ya Gerson ibaki. Baraza limeona kuwa ni kilio cha mfiwa, haina wito wa vurugu, na hatua ya kutomnunulia mtu au kutomsalimu ni haki ya kila raia. Uamuzi huo umeandikwa kwa uangalifu mkubwa na utatumika kama mfano kwa malalamiko mengine ya Afrika Mashariki. Najua hilo si faraja kwako.

Katikati ya Mei nitakuwa Arusha kwa mkutano. Ratiba imebana sana, lakini nikipata upenyo nitapanda Kikatiti. Mwambie shemeji anivumilie.

Mdogo wako,
Aminiel


Daraja Mbili, Arusha
19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ni mimi Maria. Nimekupigia simu haikupokelewa, nikatuma meseji ukasoma usijibu, kwa hiyo nimemwiga mama.

Juzi nilikuwa ukumbini. Niliona bango lako kwenye geti la chuo, nikasema twende tukamsikie mjomba, nikaja na rafiki yangu Princess kutoka hapa Daraja Mbili. Tulikaa nyuma kabisa karibu na mafundi wa sauti. Nilikuwa najisikia fahari, sitaki kukudanganya. Nilimwambia Princess, yule ni mdogo wake mama.

Ukafika kwenye ile sehemu ya gharama ya uhuru. Ninayo kwenye simu yangu, Princess alikuwa anarekodi, kwa hiyo hutaniambia nilisikia vibaya. Ulisema: "Niliwahi kuletewa sauti iliyomuumiza mtu wa damu yangu. Katika meza ile mimi peke yangu ndiye niliyeifahamu lugha yake. Wenzangu walisubiri neno langu. Ningesema ifutwe, ingefutwa. Sikusema. Uhuru una gharama, na mwanafalsafa lazima awe wa kwanza kuilipa." Watu wakasimama wakapiga makofi. Hata Princess alipiga, halafu akaniona usoni, akaacha.

Mjomba, ulilipa nini?

Mimi ndiye niliyebonyeza lile lalamiko. Niliandika nikidhani linakwenda kwa Wazungu wasiotujua. Kumbe lilikuja kwako. Ulisikia jina la mama likitajwa kwa sauti ya baba mdogo Gerson, ukaielewa ile habari ya jembe kuliko mtu yeyote mezani, ukaandika ibaki. Halafu ukamwandikia mama kwamba "imeamuliwa".

Baada ya hotuba nilisubiri mlangoni. Ulipita na watu wa kampuni, ukanipungia mkono, ukaingia kwenye gari. Nilidhani mnakwenda Kikatiti. Nilipiga simu hotelini wakasema umeshaelekea uwanja wa ndege. Kutoka Arusha mpaka kwetu ni mwendo mfupi, mjomba, hata mimi mwanafunzi huenda na kurudi siku moja.

Baba hasemi tena, anaandika kwa kidole kwenye blanketi. Mama hajui habari ya hotuba. Nipe neno la kumwambia kabla sijapanda Jumamosi. Au uje. Ukija halitahitajika neno.

Mpwa wako,
Maria


Dar es Salaam
25 Mei 2024

Maria, mwanangu,

Nimepokea barua yako na nimeisoma kwa uchungu. Una akili, na kwa hiyo nitakuandikia kama mtu mzima.

Kanuni inataka mshauri mwenye undugu na mhusika wa lalamiko akae pembeni. Ningejitoa, faili lingekwenda kwa watu wasiojua Kimeru, na sijui wangeamua nini. Ningebaki nikalifuta, siku ikijulikana kwamba Catherine ni dada yangu, kila nilichoandika kwa miaka yote hii kingechekwa. Wangesema, profesa anahubiri uhuru mpaka uguse ukoo wake. Kwa hiyo nilibaki, sikutaja undugu, na niliamua kama ambavyo ningeamua kwa mgeni. Niliona ni unyoofu. Pale ukumbini sikutaja jina la mtu, na nilikusudia kuonyesha kwamba maneno yangu nayaishi.

Kuja nyumbani nilishindwa. Ningemtazamaje mama yako usoni?

Nakuomba jambo moja. Usimwonyeshe ile video. Ana mzigo wa kutosha, na mimi nitamweleza mwenyewe wakati ukifika. Nimewaomba waandaaji waiondoe ile sehemu kwenye mtandao wao, wameelewa, na wameiondoa siku hiyo hiyo. Kilichobaki ni hiyo ya rafiki yako na nakala iliyo kwako. Mwambie aifute, nawe ufute yako. Kuna maneno hayafai kusikiwa na mtu aliye katika hali ya mama yako.

Natuma kidogo kwa ajili ya nauli na matumizi yako.

Mjomba wako,
Aminiel


Kikatiti
14 Julai 2024

Aminiel,

Emmanuel alifariki tarehe ishirini na tatu mwezi wa sita, asubuhi, nikiwa namlowanisha midomo kwa pamba. Tulimzika tarehe ishirini na tano. Unalisoma hili kwa mara ya kwanza hapa, na nilitaka iwe hivyo. Maria alishika simu akupigie, nikamwambia aiweke chini. Alilia, lakini aliiweka.

Nitakueleza yote kwa mpangilio, maana ni shemeji yako na alikupenda.

Siku chache kabla, aliandika jina lako kwenye blanketi na alama ya kuuliza. Nikamwambia uko njiani. Nimemdanganya mume wangu mara moja tu katika maisha yetu, nayo ni hiyo. Akawa anageuza macho kila gari likilia barabarani.

Alipokata roho nilitoka nje nikalia kama inavyopasa. Sauti yangu inafika mpaka ng'ambo ya mfereji, unaijua. Zamani kabla hujamaliza kilio cha kwanza uwanja unakuwa umeshajaa. Nilisikia milango ikifungwa. Nikasikia mtu akimwita mtoto wake aingie ndani. Basi, nikanyamaza, nikarudi kumfunga kidevu mwenyewe.

Kaburi lilianzwa na mimi na Maria. Tulichagua pale kwenye migomba ya juu, ukungu ulikuwa mzito na udongo umelowa. Tulikuwa tumefika magotini pale Lemburis alipokuja na mkokoteni wake kufuata magogo. Akauliza kuna nini. Nikamwambia. Akauliza wanaume wako wapi. Nikaendelea kuchimba. Akavua shuka, akalikunja akaliweka juu ya mkokoteni, akachukua jembe mkononi mwa Maria. Mchana akaja mwinjilisti Solomoni amevaa mabuti ya mvua, akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge, halafu kesho yake akaendesha ibada kwa mikono hiyo hiyo. Skolastika alifunga duka na kuja kupika, akasema wateja wakimkimbia atarudi kwao Rombo. Hao ndio waliokuwa watu wa Emmanuel. Jeneza tulilibeba wote, wanawake na wanaume, na lilikuwa jepesi.

Wakati wa kufukia, Gerson akatoka kwenye mstari wa migomba. Nilidhani amekuja kutufukuza. Alikuwa ameshika jembe lake. Hakunisalimu, hakusalimu mtu. Akafukia upande wake mpaka udongo ukasimama juu, akalifuta jembe kwa jani la mgomba. Ndipo akaniambia, akitazama kaburi: "Niliomba waifute tangu mwezi wa nne. Yule kijana akanionyesha karatasi kwenye simu. Akasema wakubwa wameamua ibaki, haiwezi kuguswa."

Mimi nikamwambia asante kwa jembe. Kumbe mwenye kilio mwenyewe alishakimeza, na waliokuwa wakikishikilia ni nyinyi. Tangu siku hiyo anapita kwenye mpaka, tunatazamana, tunainamiana vichwa. Huenda siku moja tutaongea. Wengine bado hawanisalimu, kwa sababu Sauti ya Mlimani bado inaipiga, na chini yake wameandika kwamba imehakikiwa na wataalamu.

Baada ya matanga Maria alinionyesha hotuba yako. Usimgombeze. Alinisomea na barua uliyomwandikia, maana nilimwambia katika nyumba hii hakuna tena cha kufichwa. Nimekusikiliza vizuri, Aminiel. Unaongea vizuri sana, mama angefurahi kukuona umevaa suti ile. Niliwaza mambo mengi lakini lililoniuma zaidi si la ukumbini. Ni lile kwamba maneno yako yalipoanza kukuaibisha, yaliondolewa siku hiyo hiyo, na hukuhitaji baraza. Mimi niliomba tangu Machi.

Unasema ulilipa gharama. Aliyelipa amelala kwenye migomba ya juu.

Pesa uliyomtumia Maria iko ndani ya bahasha hii. Dawa zilizobaki nimempa mgonjwa mwingine, kwa hizo nakushukuru, zilimpa usingizi.

Barua zako usilete tena. Wakala wa basi nimeshamwambia asizipokee. Sikuandikii kwa hasira, hasira iliniisha tulipokuwa tunachimba. Nimechoka tu kusoma mwandiko wako mzuri.

Njia ya kuja huku unaijua. Siku ukija kwa miguu yako mpaka kwenye kaburi, utanikuta kwenye banda nakamua. Utasema shikamoo, nami nitaisikia. Kuitikia ni hiari, ndivyo ulivyofundisha.

Catherine